Unaishi Karibu na Kinu cha Nyuklia? Nani Anakulinda, na Wewe Ufanye Nini

Tukizungumzia afya huku ugenini, mara nyingi huwa ni kisukari, presha, lishe ya watoto na matatizo ya bima ya matibabu. Leo tuangalie jambo ambalo baadhi yetu tunaishi nalo jirani kila siku bila kulifikiria: mitambo ya umeme wa nyuklia, na namna serikali inavyoisimamia ili isitudhuru.

Marekani ina vinu vya nyuklia zaidi ya 90 vinavyofanya kazi, na vinatoa karibu sehemu moja kwa tano ya umeme wote wa nchi. Vingine viko karibu na miji yenye Waswahili wengi. Kuna Monticello, kaskazini-magharibi ya Minneapolis. Kuna Palo Verde, magharibi ya Phoenix. Kuna Shearon Harris karibu na Raleigh, McGuire karibu na Charlotte, na Comanche Peak kusini-magharibi ya Fort Worth.

Kama nyumba yako iko ndani ya maili 10 kutoka kwenye mtambo, kila mwaka huletewa kijitabu au kalenda yenye maelezo ya dharura. Wengi wetu tunarudi kutoka kubeba boksi tumechoka, tunaona karatasi ndefu ya Kiingereza, tunaitupa pamoja na matangazo ya pizza. Ukimaliza kusoma makala hii, naomba ukiokote hicho kijitabu.

Hatari iko wapi hasa?

Kinu cha nyuklia ni kama birika kubwa sana. Madini ya urani yanapopasuliwa ndani yake hutoa joto, joto linachemsha maji, na mvuke unazungusha mashine ya kufua umeme. Kinu cha namna hii hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki.

Hatari yake ni nyingine. Ukizima jiko la gesi, moto unakwisha. Ukizima kinu cha nyuklia, mabaki ya urani yaliyomo ndani yanaendelea kutoa joto. Mara tu baada ya kuzimwa, joto hilo huwa karibu asilimia 6 au 7 ya joto la kawaida, halafu linapungua polepole kwa siku na miezi. Kwa hiyo maji ya kupoza lazima yaendelee kupita, usiku na mchana. Maji yakikosekana, urani na mirija yake huyeyuka na sumu ya mionzi inatafuta njia ya kutoka.

Kuizuia kuna kuta tatu. Ya kwanza ni mirija ya chuma maalumu inayobeba urani. Ya pili ni chungu kikubwa cha chuma kinene kinachoishika mirija hiyo pamoja na maji. Ya tatu ni jengo la zege lililofunika vyote. Kazi ya msimamizi wa serikali, ukiipunguza kwa maneno machache, ni kuhakikisha maji hayakatiki na kuta hizo tatu hazitoboki. Kumbuka ukuta wa pili, tutaurudia.

Msimamizi ni nani?

Hapa Marekani msimamizi ni Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake tatu, NRC. Makao yake makuu yako Rockville, Maryland. Ina nafasi tano za makamishna, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Baraza la Seneti kwa vipindi vya miaka mitano. Sheria hairuhusu zaidi ya makamishna watatu kutoka chama kimoja.

NRC ilianza kazi Januari 1975. Kabla ya hapo kulikuwa na Tume ya Nishati ya Atomiki, ambayo ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuutangaza umeme wa nyuklia ili ukue, na kuusimamia ili usidhuru. Sisi tunasema fisi hakabidhiwi bucha. Wamarekani nao waliliona hilo, na mwaka 1974 bunge lao likapitisha sheria ya kuzitenganisha kazi hizo mbili.

Jambo moja ulielewe vizuri. NRC haiendeshi mtambo wowote. Mwenye jukumu la kwanza la usalama ni kampuni yenye leseni. NRC inatunga kanuni, inatoa leseni, inakagua na inaadhibu. Leseni ya kwanza huwa ya miaka 40, na inaweza kuongezwa miaka 20 kila mara baada ya ukaguzi wa vifaa vilivyozeeka.

Ajali iliyoongeza wakaguzi ndani ya mitambo

Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika mtambo wa Three Mile Island huko Pennsylvania, vali moja ilifunguka kupunguza shinikizo kisha ikakataa kufunga. Maji ya kupoza yakawa yanatoka. Taa kwenye meza ya waendeshaji ikawafanya waamini vali imefungwa. Wakadhani maji yamezidi, wakapunguza maji ya dharura. Karibu nusu ya urani ikayeyuka.

Jengo la zege lilizuia sehemu kubwa ya sumu. Wataalamu walikadiria kwamba watu kama milioni 2 wa eneo lile walipata kwa wastani mionzi midogo kuliko ya picha moja ya eksirei ya kifua. Hata hivyo siku mbili baadaye gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke, na watu zaidi ya 100,000 wakahama kwa hofu.

Cha kusikitisha, mwaka 1977 vali ya aina hiyo hiyo ilikuwa imekwama katika mtambo mwingine, Davis-Besse wa Ohio. Waliokuwa zamu pale waliitambua mapema na hapakutokea maafa. Lakini funzo lile halikuwafikia wenzao wa Pennsylvania. Tume iliyoundwa na Rais Carter kuchunguza ajali ilisema wazi kwamba NRC yenyewe ilihitaji kubadilika, mpaka katika mtazamo wake.

Mabadiliko yalikuja. Leo kila mtambo una angalau wakaguzi wawili wa NRC ambao kituo chao cha kazi ni pale pale mtamboni, siku zote. Wanaingia chumba cha kuendeshea, wanasoma daftari za zamu, wanaangalia matengenezo, wanauliza maswali. Hawalipwi mshahara na kampuni, na hawaachwi kituo kimoja kwa miaka mingi, wasije wakageuka marafiki wa wale wanaowakagua. Wataalamu wengine hutoka ofisi za kanda kuja kukagua mambo maalumu kama moto, mionzi na ulinzi.

Tangu mwaka 2000 matokeo ya ukaguzi hupewa rangi nne. Kijani maana yake kasoro ni ndogo sana kiusalama. Nyeupe ni kasoro ndogo hadi ya kati. Manjano ni kubwa. Nyekundu ni hatari ya juu kabisa. Rangi ikiharibika, wakaguzi wanaongezeka, na hali ikizidi NRC inaweza kuamuru mtambo uzimwe. Rangi hizi ziko wazi kwenye tovuti ya NRC, na wewe unaweza kuuangalia mtambo wa karibu nawe kwa jina lake.

Siku msimamizi alipolegea

Ndugu msomaji, hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye somo kubwa. Turudi Davis-Besse, mtambo ulioko kando ya Ziwa Erie, mashariki ya mji wa Toledo.

Mwaka 2001 mitambo mingine ya Marekani iligundua nyufa kwenye mabomba madogo yanayopita juu ya kifuniko cha kile chungu cha chuma, yaani ukuta wetu wa pili. Maji yaliyomo humo huchanganywa na asidi ya boriki. Yakivuja, yanaweza kula chuma cha kawaida. Agosti mwaka huo NRC ikaitaka mitambo iliyo hatarini zaidi ikague vifuniko vyake kabla ya tarehe 31 Desemba 2001.

Kampuni iliyokuwa ikiendesha Davis-Besse, FirstEnergy, iliomba muda. Ilitaka kungoja mpaka siku zake za kawaida za kubadilisha urani, mwishoni mwa Machi 2002, kwa sababu kuzima mtambo kabla ya wakati ni hasara. Wataalamu wa NRC walikuwa wameshaandaa amri ya kuuzima. Amri ile haikutolewa. Pande mbili zikakutana katikati, na mtambo ukaachwa ufanye kazi hadi tarehe 16 Februari 2002.

Mwezi Machi mafundi walipokuwa wakitengeneza bomba moja, likayumba. Walipochunguza wakakuta shimo. Asidi ilikuwa imekula chuma kinene cha zaidi ya sentimita 15. Kilichobaki kuzuia maji yenye shinikizo kubwa lilikuwa bamba la chuma cha pua lenye unene wa kama sentimita moja, ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Je, dalili hazikuwapo? Zilikuwapo. Kwa miaka kadhaa unga wa asidi ulikuwa ukionekana juu ya kifuniko. Vichujio vya hewa ndani ya jengo vilikuwa vikiziba kwa vumbi la kutu, vikibadilishwa kila mara. Kulikuwa na picha za mwaka 2000 zinazoonyesha michirizi myekundu ya kutu ikishuka kutoka kwenye kifuniko. Wakati huo huo NRC ilikuwa ikiuhesabu Davis-Besse kuwa mtambo unaofanya vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ulikuwa ndani ya ukuta wenyewe.

Desemba 2002 mkaguzi mkuu wa ndani wa NRC, ambaye kazi yake ni kuikagua tume yenyewe, alitoa ripoti. Alisema uamuzi wa kuuacha mtambo uendelee ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara ya fedha.

Hakuna aliyeumia, na mionzi haikutoka. Mtambo ulifungwa kwa miaka miwili, hadi Machi 2004. Kasoro ile ilipewa rangi nyekundu. Mwaka 2005 NRC ilitoza faini ya dola milioni 5.45, na mwaka 2006 kampuni ikakubali mbele ya Wizara ya Sheria kwamba taarifa za uongo zilipelekwa NRC, ikalipa dola milioni 28.

Tunajifunza nini? Kwamba mkaguzi anaweza kuwapo na asione. Na anaweza kuona, kisha akashawishiwa angoje. Usimamizi mzuri hautegemei ofisi na kanuni peke yake. Unategemea msimamizi asiyeogopa kumwambia tajiri: zima leo.

Tatizo hili si la Marekani pekee. Japani kabla ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, idara ya kusimamia usalama wa nyuklia ilikuwa ndani ya wizara ile ile iliyokuwa ikiuhimiza umeme huo. Tume ya uchunguzi ya bunge la Japani ilisema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalitokana na mikono ya watu, pamoja na kwamba tetemeko na tsunami ndivyo vilivyoanzisha. Mwaka huo huo Japani iliunda mamlaka mpya iliyojitenga na wizara hiyo.

Mjadala huu haujaisha Marekani pia. Mei 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayoitaka NRC itoe uamuzi wa maombi ya vinu vipya ndani ya miezi isiyozidi 18, na mwezi uliofuata akamwondoa kamishna mmoja kabla ya muda wake kwisha. Wanaoiunga mkono amri hiyo wanasema urasimu umechelewesha umeme unaohitajika. Wanaopinga wanasema msimamizi akiharakishwa na kuogopa kufukuzwa, uhuru wake unapungua. Wewe ukiwa jirani wa mtambo, una haki ya kuufuatilia mjadala huo.

Habari ilikuwapo, wengi hawakuiona

Novemba 2022 mtambo wa Monticello, Minnesota, uligundua kwamba bomba limevuja maji yenye tritiamu, yapata galoni 400,000. Tritiamu ni aina ya haidrojeni yenye mionzi hafifu, ambayo hudhuru hasa ikiingia mwilini kwa wingi, kwa mfano kwa kunywa. Kampuni iliiarifu NRC na serikali ya jimbo. NRC iliweka taarifa kwenye tovuti yake siku iliyofuata.

Lakini majirani wengi walisikia Machi 2023, miezi minne baadaye, kampuni na jimbo walipotangaza rasmi. Watu wakakasirika, wakauliza kwa nini walifichwa. Maofisa walisema maji ya kunywa hayakuathirika na hapakuwa na hatari ya haraka kwa afya.

Angalia hapo. Kisheria taarifa ilikuwa hadharani. Kwa mama anayefanya zamu ya usiku na kusoma Kiingereza kwa tabu, taarifa hiyo ni sawa na haikutolewa. Ndiyo maana jamii zetu zinahitaji angalau mtu mmoja, katika chama, msikiti au kanisa, anayeangalia taarifa hizi mara kwa mara na kuwaeleza wengine kwa Kiswahili.

Mionzi kiasi gani ni mingi?

Kipimo kinachotumika ni milisiveti. Karatasi nyingi za Marekani hutumia miliremu, na milisiveti 1 ni sawa na miliremu 100. Linganisha:

- Picha moja ya eksirei ya kifua: kama milisiveti 0.1.
- Picha ya CT ya tumbo: kama milisiveti 8.
- Mkazi wa kawaida wa Marekani kwa mwaka, kutoka ardhini, angani na hospitalini: wastani wa milisiveti 6.2.
- Kikomo cha nyongeza kwa raia kutoka kwenye mtambo kwa mwaka: milisiveti 1.
- Kikomo cha mfanyakazi wa mtambo kwa mwaka: milisiveti 50.

Kwa hiyo kuishi karibu na mtambo unaofanya kazi vizuri si sababu ya kukosa usingizi. Tunachojiandalia ni ile siku moja ya ajali.

Mambo ya kufanya kabla na wakati wa dharura

Serikali imechora duara mbili kuzunguka kila mtambo. Ndani ya maili 10 ndipo watu wanaweza kuambiwa wahame au wajifungie ndani. Ndani ya maili 50 ndipo vyakula, maziwa na maji huangaliwa. Kila baada ya miaka miwili hufanyika zoezi kubwa la dharura. NRC huangalia upande wa mtambo, na shirika la dharura la serikali kuu, FEMA, huangalia upande wa majimbo na wilaya. Wewe nawe fanya yafuatayo:

1. Jua uko wapi. Angalia ramani kwenye tovuti ya NRC au uliza ofisi ya dharura ya kaunti yako. Andika namba ya eneo lako na njia ya kuhamia, ubandike kwenye friji.

2. Uliza shule ya watoto. Katika mipango mingi watoto hupelekwa kwa mabasi kwenye kituo maalumu nje ya eneo la hatari. Ukikimbilia shuleni utakuta hawapo, na utaongeza foleni. Jua kituo hicho mapema.

3. Kama huna gari, au una mzee au mgonjwa nyumbani, jaza fomu ya kuomba usafiri iliyomo kwenye kijitabu. Usingoje siku ya ajali.

4. King'ora kikilia, usikimbie. Kwanza fungua redio au televisheni, au soma ujumbe wa simu. King'ora maana yake ni sikiliza, si lazima hama.

5. Ukiambiwa ujifungie ndani, funga milango na madirisha, zima feni na kiyoyozi kinachovuta hewa ya nje, na kaa chumba cha katikati. Kama ulikuwa nje, vua nguo za juu na uoge. Kuchemsha maji hakuondoi mionzi.

6. Ukiambiwa maziwa au mboga za eneo zisitumiwe, tii. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Hadi mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule, katika Ukraine, Belarus na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, walikuwa wamegunduliwa na saratani ya tezi ya shingo, na sehemu kubwa ya visa hivyo inahusishwa na iodini hiyo.

Vidonge vya iodini: tumia kwa akili

Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu, hupenda sana iodini. Haibagui iodini nzuri na ile yenye mionzi. Vidonge vya potasiamu iodaidi huijaza tezi kwa iodini salama, ili ile mbaya ikija ikose nafasi. Mwaka 1986 Poland iliwapa dawa hii zaidi ya watoto milioni 10. Majimbo kadhaa ya Marekani huwagawia bure wakazi wa ndani ya maili 10, hivyo uliza idara ya afya ya jimbo lako.

Vipimo vinavyotambuliwa Marekani ni miligramu 130 kwa mtu mzima, wakiwamo wajawazito na wanaonyonyesha. Miligramu 65 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 18. Miligramu 32 kwa wa mwezi 1 hadi miaka 3. Na miligramu 16 kwa kichanga asiyefikisha mwezi. Walio zaidi ya miaka 40 kwa kawaida hawapewi, isipokuwa mionzi ikitarajiwa kuwa mikubwa sana. Kidonge hufanya kazi kwa kama saa 24.

Usimeze mpaka mamlaka iseme. Kidonge hiki hulinda tezi hiyo tu, hakizuii mionzi mingine. Chumvi yenye madini joto haitoshi kuwa badala yake, na ukiila kwa wingi utajidhuru. Mwenye ugonjwa wa tezi au mzio wa iodini aongee na daktari wake mapema.

Ndugu zetu wa Toronto wana kisa cha kukumbuka. Asubuhi ya Jumapili tarehe 12 Januari 2020, simu za Ontario nzima zililia kutangaza tukio katika mtambo wa Pickering. Ilikuwa makosa, ujumbe wa majaribio ulitumwa kwa bahati mbaya, na masahihisho yalichukua karibu saa mbili. Baada ya hapo maombi ya vidonge yalifurika kwa makumi ya maelfu. Watu waligundua siku ile kwamba hawakuwa na maandalizi yoyote. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwa wewe unayefanya kazi mtamboni

Mitambo huzimwa kila baada ya miezi 18 hadi 24 kubadilisha urani, na wakati huo huajiri vibarua wengi wa usafi, ulinzi, kupaka rangi na kujenga majukwaa. Ukipata kazi hiyo, vaa kipima mionzi chako muda wote, na uliza kumbukumbu ya kiasi ulichopata. Mwanamke mjamzito ana haki ya kutoa taarifa kwa maandishi, na akifanya hivyo kikomo cha mtoto tumboni kinakuwa milisiveti 5 kwa kipindi chote cha ujauzito. Kutoa taarifa ni hiari yake.

Ukiona jambo la hatari, sema kwa msimamizi wako. Asiposikia, nenda kwa mkaguzi wa NRC aliye pale pale, au piga simu ya bure iliyo kwenye tangazo la NRC ambalo kanuni inataka libandikwe kazini. Sheria inakataza kukufukuza au kukuonea kwa sababu hiyo. Ukionewa, una siku 180 za kupeleka malalamiko Wizara ya Kazi.

Hata kama hufanyi kazi humo, unaweza kuhudhuria mikutano ya wazi ya NRC, na mtu yeyote anaweza kuiandikia akiiomba ichukue hatua dhidi ya mtambo fulani.

Kwa wasomaji wa nchi nyingine

Ulioko Uingereza, msimamizi wako ni Ofisi ya Udhibiti wa Nyuklia, ONR, ambayo tangu mwaka 2014 inajitegemea kisheria. Ulioko Imarati, mtambo wa Barakah una vinu vinne, cha nne kilianza biashara mwaka 2024, na msimamizi ni mamlaka iitwayo FANR iliyoundwa mwaka 2009. Na nyumbani Kenya, iliyopanga kujenga kinu, sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu kujengwa kwao. Popote ulipo, swali la kuuliza ni lile lile: huyu anayekagua, anaweza kumwambia mwenye mtambo "zima" bila kuogopa?

Basi ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Wiki hii fanya mambo matatu tu: tafuta mtambo ulio karibu nawe na uangalie rangi yake, uliza shule ya watoto kituo chao cha dharura, na mweleze jirani mmoja asiyesoma Kiingereza. Makala hii ni ya kukuelimisha, haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako wala maagizo ya mamlaka siku ya dharura.